Kichaka Kinachokataa Samadi: Mhadhara Kuhusu Beri za Uani

Mwanzoni mwa karne ya 20 bluberi haikuwa zao la shambani. Marekani ilikuwa nayo tele, lakini ya porini: watu waliichuma kwenye misitu ya misonobari na pembezoni mwa mabwawa, wakaiuza kwa ndoo. Waliojaribu kung'oa kichaka huko na kukihamishia bustanini walikifanyia kila hisani waliyoijua. Walichimba shimo pana, wakalijaza samadi iliyoiva, wakaongeza chokaa, wakamwagilia. Kichaka kikageuka manjano, kikadumaa, kikafa. Ikaonekana kwamba tunda lile ni la porini tu, halifugiki.

Aliyelichukulia jambo hilo kwa subira ni Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa Wizara ya Kilimo ya Marekani. Alianza majaribio mwaka 1906, akipanda miche kwenye udongo wa namna mbalimbali. Miche iliyopewa udongo mzuri wa bustani, ule wenye samadi na chokaa unaopendwa na kabichi, ilidumaa. Iliyotiwa kwenye udongo mweusi, mchachu, wa majani yaliyooza nusu, udongo ambao hakuna mkulima wa mahindi angeuchagua, ikashamiri. Mwaka 1910 Coville alichapisha matokeo hayo katika kijitabu cha wizara. Kiini chake ni kifupi: bluberi inataka udongo wenye tindikali, na kila kinachoipunguza tindikali hiyo kinaidhuru.

Kijitabu hicho kilimfikia Elizabeth White, binti wa mwenye shamba kubwa la kranberi pale Whitesbog, jimbo la New Jersey. Mwaka 1911 alimwandikia Coville na kumpa ardhi ya kufanyia kazi. White hakuwa mtaalamu wa mimea kwa kusomea, ila aliwafahamu wenyeji wa msitu ule, nao waliujua msitu wao kichaka kwa kichaka. Aliwagawia kipimo chenye tundu la upana wa takriban milimita 16. Atakayekuta kichaka chenye beri kubwa zisizopenya tundu hilo alitakiwa akitie alama na kuonyesha kilipo. Angelipwa, na kichaka kingepewa jina lake. Mmoja wao, Rube Leek, alipata kichaka kilichoitwa Rubel, na aina hiyo inapandwa mpaka leo. Zao la kwanza la kuuzwa lilichumwa Whitesbog mwaka 1916. Maana yake, bluberi ina miaka mia moja na ushei tu shambani, wakati mtama una maelfu, na bado tabia zake nyingi ni za msituni.

Mhadhara huu umeanzia New Jersey kwa sababu makosa ya watu wa kule, kabla ya Coville, yanarudiwa leo Kiambu, Arusha na Mbeya. Miche ya bluberi inauzwa vitaluni na inatangazwa kwenye simu, kwa bei inayomfanya mnunuzi aibebe kwa mikono miwili. Anafika nyumbani, anachimba shimo, anatia debe la samadi ya ng'ombe kama alivyofundishwa tangu utotoni. Kwa migomba angepata matokeo mema. Kwa bluberi amekwisha kuharibu siku ya kwanza.

Kwanza, basi, ni udongo. Tindikali hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho 7 ndiyo katikati: chini yake ni uchachu, juu yake ni magadi. Kila hatua moja ya kipimo hicho ni tofauti ya mara 10, kwa hiyo udongo wa 5 una tindikali mara 10 kuliko udongo wa 6. Mahindi na mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Bluberi inataka kati ya 4.5 na 5.5. Mtu wa Afrika Mashariki ana njia nyepesi ya kulielewa hilo, kwa kuwa chai nayo inataka karibu hivyo hivyo. Anayeishi Kericho, Limuru, Mufindi, Rungwe au Amani, na jirani yake ana chai inayostawi, ana sababu ya kujaribu ardhini. Anayeishi Mombasa, Zanzibar au popote palipo na mwamba wa matumbawe asijisumbue na shimo. Matumbawe ni chokaa, na chokaa haimalizwi kwa ndoo mbili za majani yaliyooza.

Udongo usipofaa, dalili huonekana kwenye majani machanga. Yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa sababu chuma kilichomo udongoni hakiyeyuki tena kiasi cha mizizi kukinyonya. Mwenye bustani akiona hivyo hudhani mmea una njaa, akaongeza samadi, au akamwaga majivu ya jikoni ambayo bibi yake aliyasifia. Majivu yanafanya kazi ileile ya chokaa. Hapo mgonjwa ameongezewa ugonjwa.

Hata mbolea za dukani si sawa. CAN, inayopatikana karibu kila duka la pembejeo, ina kalisi, na nusu ya naitrojeni yake iko katika namna ambayo bluberi haiitumii vizuri. SA, yaani salfeti ya amonia, ndiyo inayoifaa: naitrojeni yake ni ya amonia, na udongo huzidi kuwa mchachu kadiri inavyotumika. Itiwe kidogo kidogo, kwa kuwa mizizi hii huungua upesi.

Maji nayo yanasahaulika. Maji mengi ya visima virefu yana magadi, na kila umwagiliaji ni kama kijiko kidogo cha chokaa kinachowekwa mguuni pa mmea. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi ni bora kuliko yote. Na kuna imani iliyoenea kwamba machicha ya kahawa huongeza uchachu. Kahawa ikishachemshwa, sehemu kubwa ya tindikali yake imekwenda na maji kikombeni. Machicha yaliyobaki yanakaribia katikati ya kipimo. Hayana madhara makubwa, ila kazi inayotarajiwa hayaifanyi.

Dawa ya kweli ya kuushusha udongo ni salfa, na hapa wakulima wa Mtwara na Lindi wana faida wasiyoijua. Salfa ya unga wanayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga ni madini hayo hayo. Ikichanganywa na udongo wenye unyevu, bakteria huigeuza polepole kuwa tindikali. Polepole ndilo neno la kuzingatiwa: kazi hiyo huchukua miezi, kwa hiyo salfa hutangulia na mche hufuata. Atakayefanya vyote viwili siku moja hatapata faida aliyoitaka. Vipimo vya udongo hufanywa katika maabara za KALRO nchini Kenya, na kwa Tanzania katika kituo cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ni gharama ndogo ukilinganisha na miche mitano iliyokufa.

Kwa mwenye uwanja mdogo, jibu la busara ni chombo. Ndoo au pipa la plastiki la lita 20 hadi 40, lililotobolewa chini, linamwezesha mtu kutengeneza udongo wake mwenyewe bila kugombana na ardhi yote ya kiwanja. Magamba ya msonobari yaliyosagwa, majani ya msonobari yaliyooza nusu, vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa chumvi, na mchanga wa mto usio na makombe: mchanganyiko wa namna hiyo hupitisha maji haraka na bado hubaki na unyevu.

Inafaa kuutazama mche wenyewe unapotolewa kwenye mfuko. Mizizi ya mwembe huonekana mara moja: mmoja mnene umekwenda chini, mingine imetoka ubavuni. Ya bluberi ni myembamba kama nywele, imesukana pembeni mwa mfuko, na haina vile vinyweleo vidogo ambavyo mimea mingi hutumia kunyonya maji. Msituni hushirikiana na kuvu waishio ndani ya mizizi hiyo ili kupata chakula katika udongo maskini. Mizizi mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, hivyo jembe halitakiwi kupita hapo. Magugu yang'olewe kwa mkono, na juu yafunikwe kwa matandazo ya magamba au majani makavu. Siku 2 au 3 za jua kali bila maji zinatosha kuukausha mche mchanga, na maji yakituama mizizi huoza.

Jambo la pili ni baridi. Coville aliligundua pia, na kwa njia ya ajabu kidogo. Vichaka alivyoviingiza kwenye nyumba yenye joto ili visiteseke na majira ya baridi vilibaki vimelala hata majira ya kuchipua yalipofika, wakati vile vilivyoachwa nje kwenye barafu viliamka na kutoa maua. Alichapisha maelezo ya jambo hilo mwaka 1920. Aina za kaskazini zinahitaji takriban saa 800 hadi 1,000 za baridi ya chini ya nyuzi 7 kabla ya kuzaa vizuri. Nairobi haina baridi ya namna hiyo, Moshi ndiyo kabisa. Anayeletewa mche na ndugu aliyeko Michigan au Poland anatunza pambo la majani.

Njia ilifunguliwa na Ralph Sharpe wa Chuo Kikuu cha Florida, aliyeanza katikati ya karne iliyopita kuzalishanisha bluberi za shambani na kichaka kidogo cha porini cha Florida kisichopukutisha majani. Kutokana na kazi hiyo na ya waliomfuata zimepatikana aina zisizodai baridi nyingi: Sharpblue, Misty, Emerald, Jewel. Wizara ya Kilimo ya Marekani nayo ilitoa Biloxi, aina iliyoibadilisha Peru. Nchi hiyo ilikuwa karibu haina bluberi kabla ya mwaka 2010. Katika muda wa miaka 10 hivi ikawa mbele ya wote duniani kwa kusafirisha bluberi mbichi, tena kwa mashamba ya jangwa la pwani yanayomwagiliwa kwa matone. Kenya nako kampuni ya Kakuzi, iliyojulikana kwa parachichi na makadamia, inalima bluberi Makuyu, katika kaunti ya Murang'a. Swali la kwanza kitaluni, kabla ya bei, ni jina la aina. Muuzaji asiyelijua jina hilo anauza bahati nasibu.

Aina ziwe 2 walau, maana maua yakichanganyikiwa chavua beri huwa kubwa na nyingi zaidi. Ua la bluberi ni kengele ndogo nyeupe inayoangalia chini, na chavua hutoka vizuri likitikiswa. Huko kwao kazi hiyo hufanywa na nyuki wanene wenye manyoya, ambao Afrika kusini ya Sahara haina. Hapa wapo nyuki wa asali, na wapo wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za kenchi na kulaumiwa na kila fundi. Mwenye bluberi awaache.

Kuna jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: jamaa ya bluberi ni mwenyeji wa Afrika ya Kati. Mwaka 1889 Luteni Stairs wa msafara wa mpelelezi Stanley alipanda mteremko wa milima ya Ruwenzori, akarudi na sampuli za mimea, beri za jamaa hii zikiwamo. Kichaka hicho kinaitwa kitaalamu Vaccinium stanleyi. Kinaota juu kwenye ukungu, kwenye udongo mchachu, pamoja na miti ya jamii ya Erica ambayo wapanda Kilimanjaro huipita baada ya kutoka msituni. Mtu wa New Jersey na mtu wa Ruwenzori, wakilinganisha udongo wao, wangeelewana.

Lakini hakuna sheria kwamba beri ya uani lazima iwe bluberi. Kwa maoni ya mhadhara huu, mitaa mingi ya miji yetu imeanzia mwisho. Watu hununua mche mgumu kuliko yote na kuuacha mwepesi uliopo kwa jirani.

Forosadi ni mfano mzuri. Kijiti cha unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, chenye macho matatu au manne, hukatwa chini ya jicho, huchomekwa ardhini theluthi mbili wakati wa mvua, na baada ya wiki chache huchipua. Mti huu haubagui udongo sana, unakubali samadi, unavumilia kukatwa. Tena kukatwa ndiko kunakouzalisha: matawi yakipunguzwa na majani yakapukutishwa, machipukizi mapya hutoka na matunda yake. Anayetaka kuvuna kwa zamu hukata mti mmoja mwezi huu, mwingine baada ya wiki kadhaa. Majani ni chakula cha viwavi wa hariri, kazi ambayo taasisi ya ICIPE ya Nairobi imeieneza kwa wakulima, na mbuzi nao huyapenda. Kasoro zake zinajulikana. Tunda halikai, likichumwa asubuhi kesho yake limelegea, ndiyo maana halionekani sokoni. Maji yake ya zambarau hayamhurumii aliyeanika nguo nyeupe chini ya mti. Na mizizi ina nguvu, usipandwe karibu na shimo la maji machafu.

Nathi, kama inavyoitwa Kenya ya kati, ni beri ya manjano iliyofungwa ndani ya kifuko cha karatasi. Asili yake ni milima ya Andes, ikapitia Rasi ya Tumaini Jema, na leo Kolombia ndiyo inayoiuza nje kwa wingi. Nyanda za juu za Kenya inaota yenyewe kandokando ya mashamba na watoto ndio wavunaji wakuu. Hupandwa kwa mbegu, na ikitiwa naitrojeni nyingi hutoa majani matupu. Tunda lililoiva huanguka na kifuko chake. Ndani ya kifuko hicho kikavu hukaa wiki nyingi bila kuoza, sifa ambayo forosadi ingeitamani. Lililo kijani lisiliwe. Na kwa kuwa ni ndugu wa nyanya na viazi, isipandwe kando yao wala baada yao, maana mnyauko na inzi weupe hawatofautishi.

Halafu kuna kayaba. Ua hili la miiba mirefu, lililotoka sehemu za Mto Kei nchini Afrika Kusini, limezunguka viwanja vingi Nairobi na Kiambu, na hata mtaa wa Mukuru Kayaba umelibeba jina lake. Watu wanalithamini kwa wezi tu. Wachache wanajua kwamba linazaa tunda la manjano, la mviringo, chachu kwelikweli, ambalo kwa jamu halina mfano. Ua linalokatwa kila mwezi huzaa kidogo, na miti dume haizai kabisa, kwa hiyo mwenye ua achague mti jike mmoja au miwili pembeni na kuiacha irefuke. Matunda huchemshwa na maji kidogo hadi yalegee, hupitishwa kwenye chekecheke ili mbegu na maganda yabaki, kisha uji wake hupikwa na sukari ya uzito uleule. Huganda yenyewe.

Beri nyeusi za ule mchongoma wa porini ambao Wamasai huuita olamuriaki nazo ni tamu na mti wake ni ua zuri. Hapa tahadhari inahitajika. Jamaa yake wa karibu ni mti wa sumu ya mishale, wenye matunda ya zambarau iliyokoza yanayofanana. Olamuriaki una miiba, wa sumu hauna. Asiyeweza kuitofautisha asichume chochote mpaka aonyeshwe na mwenyeji.

Ndare, zile rasiberi nyeusi za kandokando ya njia za milimani, hupandwa kwa kufukia ncha ya tawi ardhini mpaka itoe mizizi. Fimbo ikishazaa hukauka, ikatwe mpya ishike zamu. Lakini aina moja yake, Rubus niveus ya Asia, ilipelekwa visiwa vya Galápagos kama zao, ndege wakaisambaza, na leo ni miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote ya visiwa vile. Anayeishi mpakani na msitu wa hifadhi aache kabisa kuipanda.

Ndege hao hao ndio mshindani wa mwisho. Shore na kuzumburu huijua siku ya kuiva kabla ya mwenye bustani. Wavu ufunikwe matunda yanapoanza kubadilika rangi, si mapema zaidi, ili nyuki wapate nafasi, na ukingo wake ubanwe chini kwa mawe. Ukiachwa wazi, kuzumburu wataingia kwa miguu.

Kwa hiyo msomaji mwenye kiwanja cha kawaida na akiba ndogo aombe kijiti cha forosadi kwa jirani mvua zijazo, amwage mbegu chache za nathi mbali na nyanya, na aache kayaba moja ikue. Sampuli ya udongo ipelekwe maabara wakati huohuo. Fedha za bluberi zisitoke mfukoni kabla majibu hayajarudi.